Ngumi inaanzia mguuni

Tunawashukuru kwa maswali mnayotuletea. Wiki hii tunajibu mawili kwa pamoja, kwa sababu yanatoka kwenye mzizi mmoja.

Swali la kwanza limetoka kwa wamama wa kikundi kimoja cha likelemba. Watoto wao wanaenda mazoezi ya kungfu kila Jumamosi, na kila mwezi mzazi anatoa franka kidogo. Miezi miwili imepita na mwalimu hajawafundisha kupiga hata ngumi moja. Anawasimamisha magoti yakiwa yamekunjwa, anawatembeza polepole, anawafundisha kugeuza kiuno na kuanguka bila kuumia. Kumbe kuna mwalimu mwingine ambaye watoto wake walirudi nyumbani siku ya kwanza wakirusha mikono kama kwenye filamu. Wamama wanauliza: je, huyu wetu anakula franka zetu bure?

Swali la pili limetoka kwa mama mmoja peke yake. Binti yake wa miaka 11 anataka kwenda mazoezi pamoja na kaka zake. Baba amekataa, bibi amekataa, majirani wanacheka. Mama anauliza: je, kungfu inaweza kumlinda mtoto wangu, au ni kupoteza wakati?

Tutoe majibu kwanza, halafu tueleze. Mwalimu anayewasimamisha watoto na kuwatembeza kwa miezi miwili hali franka zenu. Anachimba msingi. Yule anayeanza na mikono anataka kupiga mabati kabla ukuta haujasimama. Na kuhusu binti: aende, lakini kwa masharti, na mtu asimdanganye kwamba mikono yake itamwangusha mwanaume mzima.

Mkono ndio unaoonekana

Watoto wetu wengi wamejua kungfu kwa kutazama. Zamani kaka zao walilipa kuingia kwenye vibanda vya video kumwona Bruce Lee, Jackie Chan na Jet Li. Leo wanatazama kwenye simu ya mjomba. Katika filamu macho hufuata mkono: mkono unaruka, adui anaanguka, watu wanapiga kelele. Mtoto haoni namna mguu ulivyosukuma ardhi wala namna kiuno kilivyogeuka. Anaiga alichokiona. Ndiyo maana mtoto aliyejifundisha kwa filamu anarusha mikono, kichwa kinaenda mbele, na miguu inabaki nyuma kama si yake.

Lakini mtazameni vizuri Bruce Lee mwenyewe. Mwaka 1964, huko Long Beach, Marekani, alionyesha mbele ya watu ngumi iliyopata jina la ngumi ya inchi moja. Aliweka ngumi karibu kabisa na kifua cha mtu, nafasi ikiwa kama upana wa kidole gumba, kisha akapiga bila kuvuta mkono nyuma. Mtu yule alisukumwa mpaka akaangukia kiti kilichowekwa nyuma yake. Watu walishangaa mkono. Lakini mkono usio na nafasi ya kukimbia hauwezi kupata nguvu ile peke yake. Mguu wa nyuma ulisukuma sakafu, goti likanyooka, nyonga ikageuka, bega likafuata, kiwiko kikanyooka mwisho, vyote karibu kwa wakati mmoja. Mkono ulikuwa mjumbe tu. Uliwasilisha kile ulichotumwa.

Tuseme pia kwamba neno lenyewe, kungfu, kwa Kichina si jina la kupigana. Ni ufundi ambao mtu anaupata kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi anaweza kuwa na kungfu, fundi cherehani vilevile. Michezo ya kupigana Wachina wanaiita wushu. Kwa maana hiyo, mama anayekata sombe nyembamba bila kutazama kisu ana kungfu yake.

Hesabu ndogo

Sisi walimu tunapenda hesabu, basi tuvumilieni kidogo. Chukueni mtoto wa kilo 30. Mkono wake mmoja mzima, kuanzia bega mpaka vidole, ni kama sehemu 5 kwa 100 za uzito wa mwili. Ni kilo moja na nusu. Miguu yake miwili ni karibu theluthi moja ya mwili, yaani kama kilo 10. Kiwiliwili ni karibu nusu, yaani kama kilo 15. Tena misuli iliyo mikubwa kuliko yote iko kwenye mapaja na makalio, haiko kwenye mkono.

Kwa hiyo mtoto anayepiga kwa mkono tu anatumia kilo moja na nusu na misuli midogo. Mtoto anayesukuma ardhi kwa mguu na kugeuza nyonga anatuma mwili wake wote. Mtoto ni yuleyule, mkono ni uleule, lakini kazi si moja.

Hili ninyi mnalijua kabla ya kuambiwa na Mchina yeyote. Mtazameni msichana anayeanza kutwanga. Anashika mchi kwa nguvu, anautupa kwa mikono, na baada ya dakika chache mabega yanawaka na viganja vina malengelenge. Halafu mtazameni mama yake. Miguu imeachana, magoti ni laini, mchi unapanda pamoja na mwili na unashuka kwa uzito wake wenyewe. Pumzi inatoka wakati mchi unapogonga. Anatwanga huku akiongea na jirani.

Mtazameni pia mama anayebeba gunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama tunavyowaona kila siku kwenye barabara ya Bukavu. Hakuna anayeinua mzigo ule kwa mikono. Anachuchumaa, anaweka kamba, anaegemea mbele, anasimama kwa mapaja. Mikono inashika kamba tu. Mwili wake umejua zamani kwamba mkono peke yake hautoshi.

Wachina wenyewe wanabishana

Msidhani kwamba Wachina wote wanafundisha kwa njia moja. Nchi ni kubwa, na mashule ya wushu ni mengi. Ubishi kuhusu mikono na mwili mzima ni wa siku nyingi.

Kusini mwa China, upande wa Guangdong, kuna mtindo unaoitwa Wing Chun, unaojulikana sana kwa mikono ya haraka ya karibu. Hadithi yao inasema kwamba ulianzishwa na mtawa mwanamke aliyeitwa Ng Mui, naye akamfundisha msichana Yim Wing-chun, ambaye mwanaume mwenye nguvu alitaka kumwoa kwa lazima. Ni hadithi ya wazee, si jambo lililoandikwa kortini, lakini inaonyesha kwamba watu wa mtindo huu wenyewe wanapenda kusema asili yao ni wanawake. Mwalimu aliyeueneza Hong Kong ni Ip Man, aliyeishi kuanzia 1893 hadi 1972, na Bruce Lee alipokuwa kijana alikuwa mwanafunzi wake.

Somo la kwanza la Wing Chun linaitwa Siu Nim Tau. Mwanafunzi anasimama mahali pamoja, miguu haitembei, mikono tu ndiyo inafanya kazi. Mtu anayepita atasema: tazama, hawa wanafundisha mikono! Lakini amtazame chini. Magoti yamekunjwa na kuelekea ndani, uzito umeshuka, mgongo umenyooka. Mwanafunzi anakaa hivyo mpaka mapaja yanatetemeka. Somo la pili, Chum Kiu, ndilo linaleta kugeuka na kupiga hatua. Kumbe hata wale tunaowaita watu wa mikono wanaanza kwa kufundisha miguu kusimama.

Kaskazini kuna mitindo inayosema wazi kwamba mwili ndio unaoongoza. Huko Henan, katika kijiji cha ukoo wa Chen, kunatoka taijiquan, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2020 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wanaifanya polepole, hata wazee wanaifanya asubuhi kwenye bustani za miji. Mkono hauendi peke yake: kiuno kikigeuka mkono unakwenda, kiuno kikisimama mkono unasimama. Kuna baguazhang, ambamo mwanafunzi anatembea kwenye duara siku baada ya siku. Na kuna xingyiquan, tutakayoirudia chini kwa sababu ina kipimo kizuri kwa wazazi.

Mtu mmoja, Sun Lutang, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufa 1933, alizijua zote tatu na akaandika vitabu juu yake. Binti yake, Sun Jianyun, alifundisha sanaa ya baba yake mpaka uzeeni. Na mwaka 1936, China ilipotuma kundi la kuonyesha wushu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin, ndani ya kundi hilo walikuwemo wasichana watatu. Wababa wanaosema kungfu si kazi ya wasichana wajue kwamba huko ilikotoka wasichana waliifanya mbele ya mataifa, bibi zetu wengi wakiwa hawajazaliwa.

Tusiwaonee watu wa mikono. Wana neno la kweli. Mwili ukiwa na nguvu lakini mkono haujui kukunja ngumi, haujui umbali wala pembe, mtoto atajivunja mwenyewe. Anayepiga ukuta kwa ngumi iliyolegea huumia mara nyingi kwenye mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo. Mkono unahitaji shule yake. Sisi tunachoshikilia ni mpangilio: nini kije kwanza, nini kifuate.

Mtoto anajengeka kutoka katikati

Hapa tunaongea kama walimu. Tulipokuwa tunasomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto anaanza kutawala mwili wake kutoka katikati kwenda pembeni. Ninyi mmeliona hilo kwa macho yenu. Mtoto anashika shingo kwanza. Halafu anajigeuza. Karibu na miezi 6 anaanza kukaa. Ni karibu na miezi 9 ndipo anaokota punje ya mahindi kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Hakuna mama anayemfundisha mtoto kuokota harage kabla hajajua kukaa.

Darasani ni vilevile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye miguu yake inaning'inia kwenye benchi, na mgongo umepinda, anabana kalamu kana kwamba anakaba nyoka. Herufi zinatetemeka, mkono unachoka, anachukia kuandika. Tunatafuta tofali tuweke chini ya miguu yake, tunamnyoosha mgongo, tunamwacha aandike kwanza herufi kubwa hewani kwa bega lote. Baada ya hapo vidole vinatulia. Hatukuvifundisha vidole chochote. Tulikifundisha kiwiliwili.

Kuna pia jambo la mifupa. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na viungo, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Kifundo cha mkono kina sehemu hizo mpaka miaka ya ujana. Mwalimu anayewaambia watoto wa miaka 9 wapige mti, wapige tofali, wafanye mazoezi ya kusukuma mwili juu kwa ngumi kwenye saruji, anachezea mahali ambapo mkono bado unajengwa. Mtoto akiumia hapo, mfupa unaweza kukua kwa kupinda. Kataeni. Mtoto hana tofali la kuvunja maishani mwake.

Tena kuna mambo ya rekreasyo. Mtoto aliyefundishwa mikono tu anataka kuijaribu Jumatatu asubuhi, na atakayeijaribia ni mtoto wa mwenzenu. Mtoto aliyefundishwa kusimama, kupumua, kuanguka na kujizuia ana kazi nyingine ya kuonyesha wenzake: anaonyesha namna anavyosimama kwa mguu mmoja.

Jozi tatu za kupima

Tumeahidi kipimo. Watu wa xingyiquan wanafundisha kwamba sehemu sita za mwili zinakwenda kwa jozi tatu: mkono na mguu, kiwiko na goti, bega na nyonga. Mkono ukifika, mguu uwe umefika pia. Kiwiko kisiache goti. Bega lisikimbie nyonga.

Mzazi anaweza kupima nyumbani bila kujua kungfu. Simama mbele ya mtoto, weka kiganja chako mbele ya kifua chake, umwambie akisukume polepole. Mara ya kwanza asimame miguu pamoja na asukume kwa mkono tu. Utasikia nguvu ndogo, na ukimrudishia kidogo anayumba. Mara ya pili apige hatua ndogo mbele, akunje goti, asukume ardhi kwa kisigino cha nyuma, na nyonga ielekee kwako. Utasikia tofauti kwenye kiganja chako mwenyewe. Ukiona mkono umenyooka lakini mguu haujafika, au bega limepanda karibu na sikio, basi mwambie: rudia, jozi zimeachana.

Mtoto anayejua jozi hizi ataona faida pia anapoinua bidoni ya lita 20, ambayo ikijaa ni kilo 20. Aisogeze karibu na mwili, akunje magoti, ainuke kwa mapaja. Mgongo wake utamshukuru akiwa mtu mzima. Na mtoto ambaye bado mdogo apewe bidoni ndogo, hata kama amejifunza kungfu.

Kuhusu binti zetu

Sasa tunafika kwenye swali la mama yule, na hapa tunaongea kwa uangalifu, kwa sababu sisi ni watu wa Kavumu.

Hakuna mama wa hapa aliyesahau. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watoto wasichana wapatao 40, wengine wadogo sana, walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao na kubakwa. Desemba 2017 korti ya kijeshi ilikaa hapa hapa Kavumu, na wanaume 11 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Hakuna somo la mikono wala la mwili mzima ambalo lingewasaidia watoto wale. Mtoto hawezi kumpiga mtu mzima mwenye silaha, na asiambiwe hata siku moja kwamba anaweza, wala kwamba alipaswa kuweza. Aliyeumizwa hana kosa la kutojua kupigana. Kumlinda mtoto ni kazi yetu sisi wakubwa: mlango, majirani, kuitikia kelele ya usiku, na sheria.

Basi kungfu inampa binti nini? Inampa mwili anaoujua. Anajifunza kusimama bila kujikunja, kutazama mbele, kutoa sauti kutoka tumboni badala ya kooni. Anajifunza kwamba mtu akimshika mkono, asivutane kwa mkono, kwa sababu hapo mwenye nguvu atashinda. Ageuke na mwili wote, akielekeza kifundo chake upande wa kidole gumba cha aliyemshika, ambako kiganja kinafunguka, apige kelele, akimbie. Kukimbia ndiko kushinda. Inaweza kumsaidia kwenye njia ya kisima mbele ya kijana msumbufu. Si kinga ya kila jambo.

Na kwa kuwa tumeligusa jambo hili, tulirudie tena: mtu akibakwa, mkubwa au mdogo, apelekwe hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ambayo inahitaji kuanza ndani ya muda huo. Hata saa 72 zikipita, apelekwe tu. Panzi, hospitali ya daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, imejulikana dunia nzima kwa kazi hiyo.

Iko pia njia ya furaha, na binti ana haki nayo. Wushu imewekwa kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ile iliyopangiwa Dakar, Senegal, mwaka 2026. Wanaoonyesha mfuatano wa mitindo hawapigani na mtu. Waamuzi wanatazama mwili: msimamo, usawa, namna kila sehemu inavyokwenda na mwenzake. Msichana wa kijiji anaweza kufanya hayo bila kumgusa mtu.

Namna ya kumchagua mwalimu

Kabla ya kutoa franka, nendeni wawili au watatu mkakae kando ya uwanja siku moja nzima. Tazameni haya.

Mwalimu mzuri anaanza na kupasha mwili moto, na anamaliza kwa kuutuliza. Anasahihisha miguu kabla ya kusahihisha mikono. Anawafundisha kuanguka kwenye majani au mchanga kabla hawajaanza kusukumana. Anawatenga wadogo na wakubwa. Hawapigi watoto kwa fimbo. Haahidi kwamba mtoto atakuwa bingwa kwa miezi mitatu.

Kwa wasichana kuna masharti mengine, na msiyaonee haya. Mazoezi yafanyike mchana, mahali pa wazi ambapo wapita njia wanaona. Mama mmoja wa kikundi awepo kila mara, kwa zamu. Mwalimu anayetaka kusahihisha msimamo wa binti aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe, au amwombe msichana mwenzake amsahihishe. Hakuna somo la faragha, hakuna somo la usiku, hakuna siri kati ya mwalimu na mtoto. Mwalimu akikataa masharti haya, amekwisha kujibu. Rudini nyumbani na franka zenu.

Kwa baba aliyekataa, mwalikeni naye aje kukaa kando ya uwanja. Mara nyingi anayekataa amewaza filamu. Akiona watoto wanasimama kimya, wanapumua, wanamsalimia mwalimu na kusalimiana wenyewe kwa wenyewe kwa heshima, anaweza kubadilika bila kuhubiriwa.

Dakika kumi kwa kikundi

Wamama pia mna miili, na siku nzima mnaitumia kwa wengine. Jaribuni haya kabla ya mkutano, wakubwa na watoto pamoja, mkivaa kikwembe kilicholegea.

La kwanza, simameni miguu ikiachana kama upana wa mabega, magoti yakunjwe kidogo, mikono mbele kama mnakumbatia kapu kubwa. Pumueni polepole kwa dakika mbili. Mapaja yakianza kuwaka, ndiyo mmefika shuleni.

La pili, mikono ilegee kabisa, geuzeni kiuno kushoto na kulia, mikono ifuate yenyewe na kugonga mwili kama nguo kwenye kamba wakati wa upepo. Dakika mbili. Hapo mtaelewa kwa mwili wenu kile tulichoandika juu ya kiuno na mkono.

La tatu, tembeeni kwenye duara polepole, uzito wote uhame kwenye mguu mmoja kabla ya kuinua mwingine. Dakika tatu. Wazee washike mkono wa mtu, kwa sababu zoezi hili linajenga usawa na tunataka wasianguke.

La nne, kaeni wawili wawili na mfanye ule mchezo wa kusukuma kiganja. Dakika tatu, kwa zamu. Mwenye mimba, mwenye maumivu ya mgongo au ya moyo, afanye la kwanza tu, au aulize muuguzi kwanza.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tunaongeza kwamba haumfundishi kungfu pia. Wamama wa likelemba, mwachieni mwalimu wenu muda, mkiendelea kumtazama. Siku atakapowaonyesha watoto ngumi ya kwanza, tazameni chini kwanza, kwenye visigino. Na wewe mama wa binti wa miaka 11, tafuta mama mwingine mmoja ambaye binti yake anataka kwenda, ili wawe wawili tangu siku ya kwanza. Tuandikieni mtueleze ilivyokuwa.

Wiki ijayo tutajibu wale waliouliza juu ya mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto. Tutawaomba tangu leo: msimfunge mkono huo, mwacheni mpaka tuongee.